Beringi ya gurudumu inapochakaa: Lipi la nyumbani, lipi la fundi

MVUMO unaoanza taratibu gari likifika mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa, kisha ukaongezeka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta, ni dalili inayopuuzwa kwa urahisi. Wengi hudhani ni kelele za tairi, wakapandisha sauti ya redio na kuendelea na safari, ilhali huenda ni beringi ya gurudumu inayoelekea kufa.

Kwa mkazi wa Mshangano, katika Manispaa ya Songea, jambo hilo si dogo. Mvua za Ruvuma, ambazo huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, huacha madimbwi na tope katika barabara za mitaa zisizo na lami. Maji yakipenya kwenye sili iliyochoka, grisi ya beringi huharibika na chuma hushika kutu. Gari hilo hilo ndilo linalobeba familia nzima katika barabara ya kutoka Songea kwenda Njombe hadi Makambako, takriban kilomita 300 zenye milima na kona nyingi.

Beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, zilizotenganishwa na gololi zinazozunguka ndani ya grisi. Hubeba uzito wa gari huku ikiliacha gurudumu lizunguke bila kukwama. Ikilegea, gurudumu huyumba, diski ya breki hutikisika na taa ya ABS huweza kuwaka. Ikiachwa muda mrefu hupata joto kali, hukwama au huvunjika, na gurudumu laweza kuchomoka gari likiwa katika mwendo.

Namna ya kuitambua

Dalili ya kwanza husikika kwenye kona. Gari likikata kushoto, uzito huelemea upande wa kulia. Hivyo mvumo ukizidi wakati huo, beringi ya kulia ndiyo hushukiwa kwanza. Mvumo wa tairi, kwa kawaida, hubadilika kulingana na aina ya barabara.

Kipimo cha pili hufanyika gari likiwa limeinuliwa. Gurudumu hushikwa juu na chini, kisha hutikiswa. Likicheza, msaidizi akanyage breki. Mchezo ukitoweka, tatizo ni beringi. Ukibaki, huenda ni boli jointi. Gurudumu linalocheza likishikwa kushoto na kulia pekee huelekeza kwenye tai rodi. Hatimaye lizungushwe kwa mkono: beringi mbovu husikika ikikwaruza.

Aina mbili, kazi mbili

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari hana budi kujua aina ya beringi yake. Ipo inayouzwa ikiwa pamoja na habu yake, ambayo hufungwa kwa bolti, kwa kawaida tatu au nne. Hii yaweza kubadilishwa nyumbani na mtu mwenye vifaa kamili na uvumilivu. Nyingine hushindiliwa ndani ya nako, yaani chuma kinachobeba habu, kwa mashine ya presi. Hiyo ni kazi ya gereji.

Kwa aina ya kwanza, gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu, magurudumu mengine huwekewa vizuizi, na nati ya katikati hulegezwa gari likiwa bado chini. Baada ya kuinuliwa, gari hukalishwa juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu; haifai kutegemewa na mtu aliye chini ya gari, kwani ikiteleza hakuna nafasi ya kujinusuru.

Gurudumu likishatoka, kalipa ya breki hufunguliwa na kuning'inizwa kwa waya, isiachwe ikining'inia kwenye mpira wake wa breki. Diski hufuata, waya wa ABS huondolewa kwa uangalifu, kisha bolti za habu. Habu iliyoshikwa na kutu hulegezwa kwa mafuta ya kupenyeza. Sehemu inapokaa habu mpya husafishwa hadi iwe laini, kwani hata chembe ya kutu huifanya ikae upande.

Makosa yanayoua beringi mpya

Kosa kubwa ni nyundo. Kila pigo hupitia kwenye gololi na kuacha vishimo visivyoonekana kwenye njia yake, na beringi huanza kuvuma upya baada ya muda mfupi. Hata kwenye presi, nguvu ielekezwe kwenye pete inayoingizwa. Aidha, beringi nyingi za kisasa zina upande wenye sumaku inayosomwa na kihisio cha ABS. Ikigeuzwa, kazi yote hurudiwa.

Kosa la pili ni kukaza kwa kukisia. Nati ya katikati, katika magari mengi ya aina hii, huhitaji mkazo unaozidi Newton mita 200, karibu sawa na mtu wa kilo 70 aliyening'inia kwenye wenzo wa sentimita 30. Kipimo halisi kimo kwenye kitabu cha gari, na spana ya kupimia ndiyo huthibitisha. Gari lisisukumwe wala kushushwa kabla nati hiyo haijakazwa.

La tatu ni kipuri bandia. Mnunuzi aende dukani na namba ya chesisi, alinganishe maandishi ya kwenye chuma na ya kwenye kisanduku, na adai risiti. Kampuni ya SKF ya Sweden, mathalan, ina programu ya simu ya kuhakiki bidhaa zake. Hapa nchini, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi ya bidhaa bandia.

Kazi ikikamilika, breki ikanyagwe mara kadhaa kabla ya gari kuondoka, lijaribiwe taratibu karibu na nyumbani, na nati za gurudumu zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Asiye na stendi, spana ya kupimia wala uhakika wa aina ya beringi yake, ni heri ampelekee fundi kabla ya safari ya Makambako.