Tufe la Kompyuta na Majanga ya Dunia: Nukta Nyekundu Inatuambia Nini?

Siku hizi si ajabu kumkuta kijana wa usharikani ameshika simu yenye picha ya dunia nzima, anaizungusha kwa kidole kama chungwa, na juu yake zimetapakaa nukta nyekundu, nukta za njano na alama za vimbunga. Kila panapotokea habari ya maafa, ofisi yetu ya miradi hutumiwa picha za namna hiyo pamoja na maswali: Je, tuchange? Je, walioko pwani wahame? Maswali hayo ni mazito na hayawezi kujibiwa kwa kutazama ukubwa wa nukta. Ndiyo sababu tumeona vema katika toleo hili tueleze tufe hilo linafanyaje kazi.

Tufe linalojulikana zaidi, Google Earth, lilitolewa mwaka 2005. Ni picha nyingi za setelaiti na za ndege zilizounganishwa kuwa dunia moja. Ieleweke kwamba picha yenyewe si ya leo. Paa unaloliona huenda lilipigwa picha miaka kadhaa iliyopita, hata kama nyumba imekwisha kuanguka. Kilicho kipya ni taarifa zinazowekwa juu ya picha hiyo. Mwaka huo huo wa 2005, kimbunga Katrina kilipoupiga mji wa New Orleans, picha mpya zilizopigwa kwa ndege na shirika la serikali ya Marekani, NOAA, ziliwekwa juu ya tufe, na watu waliokimbia mji wakaweza kutazama kama nyumba zao bado zimesimama. Tangu hapo taasisi nyingi zimefuata njia hiyo. USGS huweka matetemeko, NASA huweka moto na dhoruba, na mfumo wa GDACS wa Umoja wa Mataifa na Tume ya Ulaya huweka tahadhari. Kila moja ina vyombo vyake na vipimo vyake, na hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa.

Tuanze na matetemeko. Nukta ya tetemeko huchorwa kubwa au ndogo kufuatana na nguvu iliyofunguka ardhini. Namba ikipanda kwa moja, nishati huongezeka takriban mara 32. Sasa tutazame mwaka 2010. Tarehe 12 Januari, Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0. Tarehe 27 Februari, Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nishati karibu mara 500 ya lile la Haiti. Kwenye tufe, nukta ya Chile inaimeza ile ya Haiti kabisa. Lakini Chile walikufa watu mia tano na kitu, nao Haiti, kwa makadirio mengi, walizidi 100,000, na serikali yao ilitaja zaidi ya 300,000. Tetemeko la Haiti lilitokea karibu na uso wa ardhi, jirani kabisa na mji mkuu wa Port-au-Prince, ambako majengo mengi ya zege yalijengwa pasipo usimamizi. Chile, ambayo mwaka 1960 ilipata tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani, la 9.5, ilikwisha kujifunza kujenga nyumba zinazohimili. Nondo na saruji havionekani kutoka angani.

Hata kwetu tuna mfano. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la 5.9. Duniani kote matetemeko ya 5 hadi 5.9 hutokea zaidi ya 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo nukta ya Kagera ilikuwa moja katika kundi kubwa, wala hakuna mtu wa Ulaya aliyeshtuka kuiona. Bukoba na vijijini watu zaidi ya 15 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba ziliharibika. Aidha, mtu akitazama tufe anaweza kudhani kwamba California hutikisika kila saa na Afrika imetulia. Ni kweli California hutikisika sana, lakini pia imejaa vyombo vya kupima, kiasi kwamba hata mtikisiko usiohisiwa na mtu huandikwa. Kwingine duniani USGS huorodhesha hasa yale ya 4.5 na kuendelea.

Nukta za moto nazo zina mambo yake. Setelaiti haioni moto kama sisi tunavyouona, bali hupima joto katika kipande cha ardhi, cha kilometa moja kwa vyombo vya zamani na mita 375 kwa vile vya karibuni. Kipande kikiwa na joto lisilo la kawaida, nukta huwekwa katikati yake, hata kama kilichoungua ni shamba la ekari mbili. Kuanzia Juni hadi Septemba, Angola, kusini mwa Kongo, Zambia na magharibi mwa Tanzania huonekana kama zinateketea zote. Sehemu kubwa ni uchomaji wa nyasi na usafishaji wa mashamba. Una madhara yake, na tumekwisha kuyasema sana katika semina za mazingira, lakini si janga la kuchangishiwa fedha kesho yake. Tena moto uliowaka na kuzimika kati ya mapito mawili ya setelaiti, au uliofunikwa na mawingu mazito, hauonekani kabisa.

Vimbunga ndivyo vinavyofuatiliwa vizuri zaidi, na hapa tufe limesaidia kweli. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea Mafia, njia yake iliweza kufuatwa siku kwa siku, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, na vivuko vya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimamishwa. Hata hivyo, lile umbo la tarumbeta linalochorwa mbele ya kimbunga linawapotosha wengi. Si upana wa dhoruba. Linaonyesha tu mahali ambapo kitovu chake huenda kikapita, na hupanuka kwa sababu utabiri wa siku ya tatu una mashaka kuliko wa kesho. Aliye nje ya tarumbeta anaweza kupigwa na mvua na upepo vile vile. Hidaya ilidhoofika ilipofika nchi kavu, na alama yake ikaondolewa, lakini mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga. Kwa wasafiri na wagonjwa wa kusini, siku ngumu zilianza pale tufe liliposema yamekwisha.

Yako pia majanga yasiyopata nukta ya kuonya. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilifunika sehemu za Katesh na vijiji jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Mawingu ya mvua yalionekana angani, lakini mlima uliolowa hadi kulegea haukuonekana. Ukame nao hauna siku ya kuanza. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika maeneo ya Ethiopia, Kenya na Somalia kati ya 2020 na 2022, na hakuna asubuhi hata moja ambayo tufe lilipiga kengele. Ukame huonekana kwa kulinganisha ukijani wa mimea mwaka hadi mwaka, kazi ambayo haivutii kwenye simu.

Kwa anayetaka kujua wapi msaada unahitajika, tunashauri aanze na rangi za GDACS: kijani, chungwa na nyekundu. Hizo hazipimi nguvu ya janga peke yake, bali pia idadi ya watu waliopo na uwezo wa nchi kujikwamua. Ni makadirio ya kompyuta, ila yako karibu zaidi na swali letu. Kwa anayeuliza kama ahame, neno la kusikilizwa ni la Mamlaka ya Hali ya Hewa na kamati ya maafa ya wilaya.

Jambo la mwisho ni la saa, maana limeleta ubishi mara nyingi. Tufe hutumia saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, tena haihesabu kwa Kiswahili. Tetemeko la Kagera limeandikwa 12:27. Waliokuwapo Bukoba watakuambia ilikuwa saa tisa na dakika 27 alasiri, na wote wako sahihi.