Vyuo vya Jumuiya Marekani: Mlango Ni Mmoja, Karo Ni Mbili

Katika kambi zetu za jeshi na kota za polisi, habari ya mtoto wa askari aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo hupokewa kwa shangwe kubwa. Jina linalotajwa mara kwa mara ni lile la vyuo vya jumuiya vya Marekani. Vyuo hivyo husifiwa kwa mambo mawili: kwamba havimkatai mtu, na kwamba karo yake ni ndogo. Sifa ya kwanza ina ukweli mwingi. Sifa ya pili ni ya kweli kwa watu fulani tu, na askari wa Uganda ampelekaye mwanawe huko kwa kawaida si mmoja wao. Kwa kuwa jambo hili hugusa akiba ya miaka mingi, mikopo ya vyama vyetu na wakati mwingine shamba la urithi, tumeona ni wajibu wetu kulieleza kwa marefu na mapana.

Chuo cha jumuiya ni chuo cha umma kitoacho masomo ya miaka miwili baada ya sekondari. Kile kihesabiwacho kuwa kikongwe kuliko vyote miongoni mwa vyuo vya umma vya aina hiyo ni Joliet Junior College, kilichoanzishwa mwaka 1901 katika jimbo la Illinois. Jimbo la California lilipitisha sheria yake mwaka 1907, na chuo cha kwanza kikafunguliwa mjini Fresno mwaka 1910.

Askari nao wana sehemu katika historia hiyo. Tarehe 22 Juni 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa, Rais Franklin D. Roosevelt alitia sahihi sheria iliyowapa wapiganaji watakaorejea nyumbani msaada wa kulipia masomo. Maelfu kwa maelfu waliingia vyuoni, wengi wao wakiwa watu wazima wenye wake na watoto. Mwaka 1947 tume iliyoteuliwa na Rais Harry Truman ikapendekeza vyuo vya umma viwe vingi na viwe karibu na watu, na jina la vyuo vya jumuiya likaenea. Leo California peke yake ina vyuo 116 vya namna hiyo, vyenye wanafunzi wapatao milioni 2.

Tukiitazama California kama mfano, masharti ya kuingia ni mepesi. Mwombaji awe amemaliza sekondari, au awe na cheti kinacholingana na hicho. Asipokuwa na kimoja wala kingine, awe ametimiza miaka 18 na aonekane kuwa anaweza kufaidika na masomo. Haulizwi alishika nafasi ya ngapi darasani. Fundi wa magari, mama aliyeacha shule kwa ajili ya kulea, na askari aliyestaafu wote hupita mlango huo huo. Baadhi ya kozi, mathalani uuguzi, huwa na masharti yake zaidi kwa sababu nafasi ni chache. Mwanafunzi akimaliza yuniti 60 hivi hupata shahada ya miaka miwili, na akiwa na alama zinazotakiwa aweza kuhamia chuo kikuu cha jimbo na kuendelea na mwaka wa tatu.

Hadi hapo mlango u wazi. Karo ndiyo huanza kuwatenganisha watu.

Kwa miongo mingi vyuo hivyo vya California havikutoza karo kwa wenyeji. Mwaka 1984 ada ikaanza kutozwa, ikapanda kidogo kidogo, na tangu mwaka 2012 imesimama kwenye dola 46 kwa kila yuniti. Mwanafunzi anayechukua yuniti 30 kwa mwaka hulipa dola 1,380, na mwenyeji asiye na uwezo huweza kusamehewa hata hizo. Hiyo ndiyo bei itajwayo katika mazungumzo ya kambini. Lakini ni bei ya mkazi wa jimbo. Asiye mkazi huongezewa karo nyingine ambayo kila wilaya ya vyuo hujipangia, na mara nyingi nyongeza hiyo hupita dola 300 kwa yuniti. Tuchukue dola 350 kwa ajili ya hesabu tu: yuniti 30 ni dola 10,500, na ukijumlisha zile 1,380 jumla ni dola 11,880 kwa mwaka. Bado hatujahesabu pango, chakula, vitabu, bima ya afya wala nauli ya ndege.

Pengine msomaji atauliza: huo si ubaguzi? Wenyewe husema sivyo. Chuo cha jumuiya huendeshwa kwa fedha za hazina ya jimbo na kwa kodi ya nyumba na ardhi inayolipwa na watu wa wilaya ile. Mwenye kulipa kodi amekwisha kulipa sehemu ya karo kabla mwanawe hajaingia darasani. Katika Texas hesabu hiyo ni ya waziwazi zaidi, kwani karo huko ina ngazi tatu: mkazi wa wilaya ya chuo, mkazi wa Texas atokaye nje ya wilaya, na mtu wa nje ya jimbo. Hivyo hata Mmarekani aliyevuka mpaka wa jimbo lake huhesabiwa mgeni pale aendako.

Basi ni nani mkazi? Sheria ya California husimama juu ya miguu miwili. Mguu wa kwanza ni kuwapo: mtu awe ameishi katika jimbo kwa muda usiopungua mwaka mmoja na siku moja kabla ya muhula kuanza. Mguu wa pili ni nia: awe amekusudia kulifanya jimbo hilo kuwa kwao. Nia haionekani kwa macho, kwa hiyo hupimwa kwa vitendo. Je, ameandikishwa katika daftari la wapiga kura huko? Analipa kodi ya mapato ya jimbo? Leseni yake ya udereva imetolewa wapi? Gari lake limesajiliwa wapi? Hakuna hati moja itoshayo peke yake, na mzigo wa kuthibitisha huwa mabegani mwa mwanafunzi. Aliye chini ya miaka 18 na hajaoa wala kuolewa kwa kawaida hufuata ukazi wa wazazi wake. Kufikia kwa mjomba kwa miezi michache hakumfanyi kijana kuwa mkazi.

Kanuni hizo zimepimwa mahakamani. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono hukumu iliyoliruhusu jimbo la Minnesota kumtaka mwanafunzi akae mwaka mmoja kwanza. Lakini mwaka 1973, katika kesi ya Vlandis dhidi ya Kline, mahakama hiyo hiyo iliikataa sheria ya Connecticut iliyosema kwamba mwanafunzi aliyeomba nafasi akiwa nje ya jimbo atahesabiwa mgeni muda wote wa masomo yake, hata akihamia moja kwa moja. Majaji walisema jimbo laweza kuwatenga wakazi na wasio wakazi, ila ni lazima limpe mtu nafasi ya kuonyesha ushahidi wake. Hilo ni funzo kwa kila mwenye mamlaka: kanuni ikaze, lakini mtu asikilizwe.

Sasa tufike kwenye swali linalotuhusu sisi wenye sare. Askari ni mkazi wa wapi? Raia huchagua pa kuishi, askari hupangiwa. Mtoto wake huzaliwa Bombo, huanza shule Jinja na kumaliza msingi Gulu, naye baba hakuomba uhamisho hata mmoja. Mahali pakihitaji kukaa mwaka mzima ili mtu ahesabiwe mwenyeji, mwenye kuhamishwa kila mara aweza kuwa mgeni maisha yake yote, na watoto wake vilevile.

Wamarekani walilitambua tatizo hilo na kulitungia sheria kwa hatua. Sheria yao ya kuwalinda wanajeshi ya mwaka 2003, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1940, inasema kwamba askari hapotezi ukazi wake wa kodi kwa sababu tu amepelekwa kwingine kwa amri, wala hatwikwi ukazi mpya asioutaka. Mwaka 2008 Bunge lao likaagiza kwamba askari aliye kazini kwa zaidi ya siku 30, pamoja na mwenzi wake na watoto wanaomtegemea, asitozwe na vyuo vya umma zaidi ya karo ya wenyeji katika jimbo alikopangiwa kituo. Agizo hilo lilianza kutumika Julai 2009. Tena askari akihamishwa kwenda jimbo jingine, mwanawe aliyekwisha kuanza masomo huendelea kulipa karo ile ile mradi asikatishe masomo.

Waliokwisha kuvua sare nao hawakusahauliwa. Sheria ya mwaka 2014 ilivitaka vyuo vya umma viwatoze karo ya wenyeji wastaafu wanaosoma kwa msaada wa serikali, ikiwa wamejiandikisha ndani ya miaka mitatu baada ya kutoka jeshini. Kikomo hicho cha miaka mitatu kikaondolewa kuanzia Agosti 2021.

Wako pia wana wa Afrika Mashariki walionufaika na sheria hizo kwa sababu wamevaa sare ya Marekani. Mpango mmoja wa jeshi lao, ulioanza kuandikisha watu mwaka 2009 na kusimamishwa mwaka 2016, uliwatafuta wageni wenye ujuzi wa lugha maalumu, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Lugha tunayotolea amri kwenye gwaride iliwafungulia wengine njia ya uraia, na kwa uraia njia ya chuo.

Lakini nafuu hizo ni za askari wa Marekani. Askari wetu, hata awe na nishani kifuani, hana sehemu ndani yake, na kijana wake atakwenda kwa viza ya mwanafunzi iitwayo F-1. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Husema: mwaka wa kwanza tutalipa karo ya mgeni, na mwaka wa pili mtoto atakuwa amekwisha kuwa mkazi. Sivyo. Ili kupata viza hiyo kijana hutakiwa kuonyesha kwamba ana makazi nchini kwake ambayo hana nia ya kuyaacha. Aliyesema hivyo mbele ya ofisa wa ubalozi hawezi kugeuka kesho na kumwambia karani wa chuo kwamba nia yake ni kuishi California daima. Ule mguu wa pili wa sheria, yaani nia, amekwisha kuukata mwenyewe. Atalipa karo ya mgeni mwaka wa kwanza na mwaka wa pili, hata akikaa miaka minne.

Aidha, hatakiwi kutegemea kibarua. Mwenye viza hiyo huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kufanya kazi nje ya chuo bila idhini ni kuvunja masharti ya viza. Lazima pia achukue mzigo kamili wa masomo, ambao kwa kawaida ni yuniti 12 kila muhula. Hawezi kupunguza masomo ili kupunguza karo.

Kwa hiyo twawashauri wazazi wafuate utaratibu huu. Kwanza, kijana aandikie chuo chenyewe na kuomba kwa maandishi karo ya mwanafunzi wa kigeni. Asikubali kupewa karo ya wenyeji. Pili, azidishe kiasi hicho kwa miaka miwili na aongeze gharama za maisha. Tatu, mzazi ajiulize kama mshahara na akiba yake vyaweza kubeba mzigo huo hata ikitokea amehamishwa, ameumia au amestaafu. Nne, fomu ya I-20 hutolewa na chuo kilichomkubali mwanafunzi, wala haiuzwi na wakala mitaani. Tano, kanuni za viza hubadilika, basi ubalozi uulizwe kabla ya kitu chochote kuuzwa. Anayemwambia askari kwamba atamfanyia mwanawe ukazi kwa malipo anamtaka anunue udanganyifu, na atakayeadhibiwa ni mtoto.

Tukiyaacha ya ng'ambo, liko jambo la kujifunzia hapa kwetu. Wengi katika vikosi waliingia kazini kabla ya kumaliza masomo. Mlango wao haukufungwa. Makerere mtu aliyetimiza miaka 25 aweza kufanya mtihani wa watu wazima na kuingia bila vyeti vya kidato cha sita. Aidha, mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, ili masomo na vyeti vya nchi moja vitambuliwe katika nyingine. Kabla ya kuvuka bahari, yafaa mzazi aulize karo ya Kampala, ya Dodoma na ya Eldoret, kisha alinganishe.

Nasi tulio ndani ya majeshi tunalo la kujiuliza. Taifa kubwa lilichukua miongo mingi kukubali kwamba mtoto wa askari asilipishwe gharama ya uhamisho wa baba yake. Hapa kwetu mtoto huyo hubadilisha shule katikati ya muhula, na nafasi yake kule aendako haina hakika. Kamanda atoaye amri ya uhamisho aweza kuangalia kalenda ya shule kabla ya kutia sahihi, pale usalama wa nchi unaporuhusu. Hilo halihitaji dola wala viza. Lahitaji kamanda akumbuke tu kwamba nyuma ya kila jina lililo katika orodha yake wako watoto walio darasani.