Ndege ya kuunda nyumbani na mtihani wa kutua

Sheria za Marekani zinamruhusu mtu kuunda ndege yake nyumbani, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Maarufu sana ni ndege za RV, ambazo kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon huziuza zikiwa vipandevipande. Anayeunda RV-7 huchagua: gurudumu dogo likae mkiani, au likae puani, na hapo ndege huitwa RV-7A. Uchaguzi huo hubadili kabisa namna ya kutua.

Ndege ya gurudumu la mkiani ina magurudumu makuu mbele ya kitovu cha uzito. Mkokoteni ukiuvuta hukufuata. Ukiusukuma, kosa dogo huupeleka kombo. Ndivyo ilivyo hapa. Ndege ikigusa lami ikiwa imekaa upande, uzito ulio nyuma hung'ang'ania kwenda mbele, mkia ukataka kuipita pua. Ndege hujizungusha ghafla, ncha ya bawa ikakwaruza chini, mguu wa gurudumu ukavunjika. Rafadha ikigonga lami, injini nayo lazima ikaguliwe ndani. Upepo wa ubavuni huzidisha balaa. Na rubani huponzwa hasa ndege inapopunguza mwendo: hewa inayopita mkiani imedhoofika, usukani hauna nguvu tena, naye amelegeza miguu akidhani ameshafika.

RV-7A hujinyoosha yenyewe, lakini mguu wake wa mbele haupendi kubebeshwa mzigo. Kwenye nyasi au udongo laini unaweza kukunjika, ndege ikapinduka. Fimbo ya kuongozea ivutwe nyuma, pua ibaki nyepesi.

Kasi ya ziada huwadanganya wengi. Ukija kwa noti 66 badala ya 60, umeongeza asilimia 10 ya kasi, lakini nishati imepanda asilimia 21. Ndege hukataa kukaa; ukiilazimisha, inadunda. Ikidunda vibaya, ongeza nguvu ya injini upae tena.

Linalonisikitisha ni mtu kutumia miaka gerejini akigonga ribiti huku mikono yake ikisahau kurusha. Uchunguzi wa mwaka 2012 wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, ulionyesha kuwa ajali nyingi za ndege za kuunda nyumbani hutokea mwanzoni mwa maisha yake, na hata aliyeinunua ikiwa tayari huwa hatarini safari ya kwanza. Kabla ya siku hiyo, tafuta mwalimu mwenye ndege ya aina ileile, utue naye tena na tena, upepo wa ubavuni ukiwemo.