Uwanja wa gofu humeza ekari 150, faida iko kwenye zinazobaki

Mwekezaji anayetaka kujenga uwanja wa gofu wa mashimo 18 anapaswa kuwa na ardhi isiyopungua ekari 120, na mara nyingi ekari 150 hadi 200. Hiyo ni sawa na hekta 50 hadi 80. Hata hivyo, anayenunua ardhi inayotosha mchezo peke yake huenda akabaki na majani mazuri na mkopo usiolipika.

Hesabu yenyewe si ngumu. Uwanja wa mashindano una urefu wa yadi 7,000 hivi, yaani mita 6,400, kwa mashimo yote 18. Ukitenga upana wa mita 80 kwa kila njia, pamoja na majani marefu ya pembeni na nafasi ya usalama, unapata mita za mraba 512,000. Hizo ni hekta 51, au ekari 126. Hapo bado hujaweka nyumba ya klabu, maegesho ya magari, karakana ya mashine za kukatia majani wala bwawa la maji.

Umbo la ardhi nalo lina bei yake. Eneo jembamba, lenye makorongo au mteremko mkali, hudai ekari nyingi zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa haichezeki.

VIPIMO KWA UFUPI
Mashimo 18, urefu kamili: ekari 120 hadi 200
Mashimo 9: ekari 60 hadi 100
Mashimo 18 mafupi: ekari 30 hadi 60
Eneo la mazoezi: ekari 10 hadi 15

Wenye ardhi finyu wamewahi kutafuta njia nyingine. Katika kisiwa cha Grand Cayman, miaka ya 1980, mchezaji maarufu Jack Nicklaus alisanifu uwanja uliotumia mpira maalumu unaokwenda karibu nusu ya umbali wa kawaida. Huko St Andrews, Uskochi, ambako idadi ya mashimo 18 ilianza mwaka 1764, mashimo 14 ya uwanja wa zamani yanatumia kwa pamoja maeneo saba tu ya majani mafupi, mawili mawili.

Maji ni gharama ya pili. Katika maeneo ya joto, majani yakipoteza milimita 5 za maji kwa siku, kila hekta inahitaji lita 50,000. Hekta 30 zinazomwagiliwa zitadai lita milioni 1.5 kila siku ya kiangazi. Ndiyo maana ardhi ya bei nafuu isiyo na mto, kisima cha uhakika au maji taka yaliyosafishwa inaweza kuwa ghali kuliko zote. Majani aina ya paspalum, yanayostahimili chumvi, yamewasaidia wenye viwanja vya pwani, lakini nayo hayaoti bila maji.

Upande wa mapato, makundi ya watu wanne wakianza mchezo kila baada ya dakika 10, kwa saa sita, wateja watakuwa 144. Kwa uwanja wa ekari 150, huyo ni karibu mchezaji mmoja kwa kila ekari, tena siku ambayo nafasi zote zimejaa. Ni biashara chache za mjini zinazoweza kulipia ardhi kwa mteja mmoja kwa ekari.

Kwa sababu hiyo, wawekezaji wengi huuza nyumba na viwanja vinavyotazamana na majani. Mfano wa karibu ni Vipingo Ridge, katika Kaunti ya Kilifi, Kenya, ambako ekari 2,500 zilizokuwa za mkonge ziligeuzwa mji wa makazi na gofu. Hata ukiuhesabia uwanja mmoja wa mashimo 18 ekari 200, hiyo ni asilimia 8 tu ya ardhi yote. Mchezo ndio unaovuta wanunuzi; biashara ni ile asilimia inayobaki.

Mji unapokua, hesabu hubadilika tena. Klabu ya gofu ya Hong Kong ilikuwa na hekta 172 huko Fanling kwa viwanja vitatu vya mashimo 18, yaani wastani wa hekta 57 kwa kila kimoja. Mwaka 2019 serikali iliamua kurudisha hekta 32 ili kupata nafasi ya nyumba za umma, na eneo hilo lilichukuliwa Septemba 2023. Klabu ilipeleka suala hilo mahakamani. Anayepangisha ardhi ya umma karibu na mji wenye uhaba wa makazi hana budi kuliweka jambo hilo katika hesabu zake tangu mwanzo.

Kabla ya kutia saini, basi, mnunuzi makini atamtaka mpima ardhi ampe takwimu tatu: ekari zinazochezeka, lita za maji zinazopatikana mwezi wa ukame, na ekari zitakazobaki kwa kuuzwa. Takwimu ya tatu ikiwa sifuri, afadhali ajenge mashimo 9, au aiachie ardhi hiyo kilimo.