Usikate simu kabla ya 'ila'

Ukipiga simu nyumbani leo jioni, hebu hesabu sekunde. "Sasa nyanya, uko poa?" "Niko poa." "Na wengine?" "Wako poa." "Haya basi, nitakupigia." Sekunde kumi na tano hivi, na bado unajiona mjukuu wa maana kwa sababu angalau ulipiga.

Mimi nilipiga simu za aina hiyo miezi mitatu mfululizo, kutoka Nairobi hadi Namboboto, kule Samia, Kaunti ya Busia. Kila Jumapili nyanya alikuwa poa. Kisha siku moja binamu akanitumia picha: nyanya ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, mguu umefura, mkononi ana fimbo ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Aliteleza akitoka kuteka maji, mwezi ule wa kwanza wa simu zangu. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu kwa neno moja.

"Hukuuliza."

Maze, nilikuwa nimeuliza! Jumapili kumi na mbili. Au ndivyo nilivyodhani.

Desemba nilipofika kwake, nilikaa pale uani nikawa natazama watu wanavyosalimiana. Jirani anaingia. "Mulembe." "Mulembe." Neno lenyewe maana yake ni amani, na Waluhya wamelipenda hadi wanaitwa watu wa Mulembe. Mikono inashikana na haiachani haraka. Halafu maswali yanaanza: za huko kwenu, za watoto, za mvua, za mahindi, za ng'ombe. Zote nzuri. Anapewa kiti. Chai inamiminwa. Kimya kidogo. Ndipo unasikia: "Ila yule kijana wetu aliyeenda Kampala…" na hapo ndipo stori inaanza. Kumbe kijana ana miezi miwili hajapatikana kwa simu, na mama huyu ametembea kilomita kadhaa kuja kulisema hilo. Lakini kama ungemwuliza "uko poa?" ukapita, angekwambia yuko poa, na asingekuwa amekudanganya.

Hilo ndilo sikuwa nimelielewa. Jibu la kwanza linakuhakikishia tu kwamba hakuna ugomvi kati yenu, karibu tuongee. Habari yenyewe inakuja nyuma ya "ila", na "ila" haiji kwa mtu ambaye tayari ameshika mlango.

Kiswahili chenyewe kimejengwa hivyo. "Hujambo" ni kukuuliza kama huna jambo, yaani hakuna kilichokupata. Nawe unajibu "sijambo", hata kama jambo unalo limejaa gunia. Ndiyo maana mzee anaweza kukwambia, bila kupepesa macho, "Hatujambo, ila nyumba iliungua." Wengi wetu tulicheka utani huo shuleni bila kujua kwamba ni utaratibu kamili.

Na Busia ni mahali pazuri pa kujifunza mambo haya, kwa sababu salamu zimejazana pale kuliko malori. Panda matatu hadi Malaba, uingie kwa Wateso, na utasikia "Yoga" ikijibiwa "Yoga noi". Kwa majirani Waluo unaulizwa "Idhi nade?", unaendeleaje. Vuka mpaka, na asubuhi utaulizwa kwa Kiganda "Wasuze otya?", umelalaje, ikifika alasiri swali linageuka kuwa "Osiibye otya?", umeshindaje. Ukimkuta mtu amebeba mzigo au ana jembe mkononi, unamwambia "Gyebale ko", unamshukuru kwa kazi, hata kama si kazi yako. Mimi hiyo ndiyo naipenda kuliko zote.

Mpaka wenyewe ulikuta watu wakisalimiana. Mwaka 1902 Waingereza walichukua Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakaupachika upande ambao leo ni Kenya, na hadi sasa Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vilevile. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018, karatasi zikapungua. Ila shangazi zetu walikuwa wakivuka kwenda kuuliza hali ya wagonjwa kabla hata ya hizo karatasi kuwepo.

Usifikiri ni sisi tu. Kule Estonia, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, watu huulizana "Kuidas läheb?", mambo yanaendaje. Kuna na nyingine, "Kuidas käsi käib?", ambayo ukiifasiri neno kwa neno ni "mkono unaendaje?" Jibu moja la kila siku ni "Pole viga", yaani hakuna kasoro. Sijambo kabisa! Tena hiyo "pole" yao maana yake ni "hakuna" tu, kwa hivyo ukikutana na Mwestonia usidhani anakupa pole.

Sasa turudi kwako. Sikuambii uache "niaje". Niaje ina kazi yake: mnapishana stejini, unachelewa, jamaa anajibu "fiti", mnaendelea na safari. Tatizo ni kuitumia kwa mtu ambaye umempigia ili ujue hali yake. Na kuna majibu ambayo, ukiyasikia, hustahili kukata simu. "Niko tu." Hiyo "tu" ni nzito, msee. "Tunasukuma." Inasukumwa nini, na imekwama wapi? "Afadhali." Afadhali kuliko lini? Rafiki yako wa chuo anayekujibu "niko tu" wiki ya tatu sasa, huku status zake zimejaa vicheko, huenda amefukuzwa kazi na analala kwa sofa ya mtu.

Kuuliza tena "lakini uko sure uko poa?" nako hakusaidii, utajibiwa poa ya pili. Hapo ndipo Waganda wametuzidi akili: wanauliza usiku ulikuwaje, mchana ulikuwaje. Kitu chenye mwanzo na mwisho. Siku hizi namwuliza nyanya, "Usiku mguu ulikuacha ulale?" "Leo ulikula na nani?" "Mvua ilifika mpaka kwa shamba la chini?" Kisha nanyamaza. Kunyamaza kwenye simu ni kugumu, bundles zinaisha na kichwa kinakwambia jaza nafasi. Usiijaze.

Jumapili iliyopita tuliongea dakika ishirini na nne. Mguu unapona pole pole. Kuku wawili wameibwa na anamshuku mtu, ila jina hatalisema kwa simu. Kisha akaniuliza, "Na wewe?"

"Niko tu, nyanya."

Akanyamaza. Nikasikia kuku huko nyuma, waliobaki.

"Niko tu ya namna gani?"