Kulehemu Nyaya za Gitaa la Umeme

Gitaa la umeme huweza kunyamaza ghafla katikati ya wimbo ilhali nyuzi zake zote ni nzima. Pengine halinyamazi kabisa, bali hukwaruza kila mpigaji anapogusa kirekebisho cha sauti, au huvuma mfululizo hata pale lisipopigwa. Mara nyingi chanzo chake ni kiungo kimoja cha lehemu, au risasi kama mafundi wengi wa redio wanavyoiita, kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama. Kukitengeneza kiungo hicho ni kazi ya dakika chache kwa mwenye chombo kinachofaa. Kwa asiye nacho, dakika hizo hizo zatosha kuharibu sehemu iliyokuwa nzima.

Umeme ndani ya gitaa

Chini ya nyuzi za gitaa kuna pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma unapotikisika hubadilisha uga wa sumaku, na badiliko hilo huzalisha umeme katika waya kwa kanuni aliyoivumbua Faraday mwaka 1831. Umeme huo ni sehemu ndogo tu ya volti. Hupita katika kirekebisho cha sauti, kisha katika tundu la kuchomekea waya wa nje, ndipo ukuzwe na amplifaya.

Kiungo kibovu hudhuru kwa njia mbili. Kikiwa kinagusana na kuachana, kila mguso huwa mshtuko mdogo wa umeme, na amplifaya hukuza mshtuko huo pamoja na muziki. Iwapo kilichokatika ni waya unaounganisha nyuzi na upande wa ardhi wa mzunguko, gitaa hupokea mvumo wa umeme wa majumbani, ambao katika Afrika Mashariki huwa na mizunguko 50 kwa sekunde.

Wati na joto

Wanafunzi wengi hudhani kwamba chuma cha kulehemia chenye wati chache ndicho salama zaidi. Katika gitaa, dhana hiyo hupotosha. Wati hazipimi ukali wa joto; hupima wepesi wa kulitoa. Chuma cha wati 60 huweza kutoa jouli 60 kila sekunde, na cha wati 15 hutoa robo yake tu.

Nyaya nyingi za upande wa ardhi hulehemiwa mgongoni mwa kirekebisho cha sauti, juu ya kifuniko kipana cha madini. Kifuniko hicho hufyonza joto kama sufuria kubwa iliyotelekwa juu ya makaa machache. Ncha ya chuma dhaifu ikikigusa hupoa mara moja, na fundi hulazimika kuishikilia kwa muda mrefu. Wakati huo joto hupenya ndani na kuunguza njia ya kaboni ambayo kirekebisho hukitegemea. Chuma cha wati 40 hadi 60, chenye ncha pana kiasi, humaliza kazi hiyo katika sekunde chache kabla joto halijafika ndani. Kwa hiyo chombo chenye nguvu zaidi ndicho chenye usalama zaidi, mradi kitumiwe kwa haraka.

Vyuma bora zaidi hujizuia vyenyewe visipite kiwango cha joto kilichowekwa. Kampuni ya Weller ilitumia njia ya kuvutia: nyuma ya ncha kuna kipande cha aloi inayovutwa na sumaku. Ncha ikiwa haijapata joto la kutosha, sumaku huvuta na kufunga swichi, na umeme hupita. Joto likifika kiwango fulani, mathalani digrii 370 za Sentigredi, aloi hupoteza usumaku wake, springi hufungua swichi, na umeme hukatika. Kiwango hicho huitwa nukta ya Curie, kwa jina la Pierre Curie.

Uchaguzi wa lehemu

Lehemu yenye sehemu 63 za bati na 37 za risasi huyeyuka na kuganda katika digrii 183 bila kupitia hali ya ujiuji. Ile ya nusu kwa nusu huanza kuyeyuka katika digrii hiyo hiyo lakini haiyeyuki yote mpaka ipite digrii 210. Waya ukitikisika katikati ya hali hizo mbili, kiungo hupasuka ndani. Lehemu isiyo na risasi, kama ile ya bati na shaba kidogo, huyeyuka karibu na digrii 227, na huhitaji ncha yenye joto zaidi.

Lehemu ifaayo huwa na utomvu wa msonobari ndani yake, ambao huondoa kutu nyepesi ya madini. Ile ya asidi inayotumiwa na mafundi wa mabomba isitumiwe kamwe, kwani mabaki yake huendelea kula shaba.

Namna ya kulehemu

Kwanza gitaa litenganishwe na amplifaya, na mwili wake ufunikwe kwa kitambaa kinene. Mahali pa kulehemu pakwanguliwe kwa msasa. Ncha ifutwe kwa sponji yenye maji na kupakwa lehemu kidogo. Kisha ncha iguse waya na kifuniko kwa pamoja, na lehemu iguse madini yaliyopata joto, si ncha. Lehemu ikishatambaa, ncha iondolewe na waya usitikiswe mpaka kiungo kigande.

Kiungo chema hutandaa na kushikamana kingoni. Kibovu hujikunja kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Moshi unaoonekana ni wa utomvu, si wa risasi, lakini hudhuru mapafu. Hivyo madirisha yawe wazi. Mikono ioshwe kabla ya kula.

Jaribio

Pikapu yenye kiloomu 6 ikiunganishwa sambamba na kirekebisho cha kiloomu 250 kilichofunguliwa hadi mwisho, multimita kwenye tundu la gitaa itaonyesha 6 × 250 ÷ 256, yaani karibu kiloomu 5.9. Ikionyesha 250, waya wa pikapu umekatika. Ikionyesha sifuri, nyaya mbili zimegusana. Kati ya nyuzi na upande wa ardhi wa tundu usomaji uwe karibu sifuri.

Jaribio la mwisho ni la uhai. Nyuzi zikishaunganishwa vema, mpigaji naye ameunganishwa na amplifaya. Tarehe 3 Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey alikufa jukwaani mjini Swansea, Uingereza, alipogusa maikrofoni ambayo mitambo yake haikuunganishwa na ardhi. Kwa sababu hiyo amplifaya na maikrofoni zote hazina budi kuwa na waya wa ardhi ulio mzima. Amplifaya yenyewe isifunguliwe na mwanafunzi, maana kapasita zake huweza kuhifadhi mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani.