Prosesa Ikichemka, Lipia Kipi Kwanza?

Kijana yuko chumbani kwake Dar es Salaam, mwezi wa Februari, anacheza Cyberpunk 2077. Dakika 20 za mwanzo gemu inateleza vizuri. Kisha feni zinaanza kuvuma, picha inakwamakwama, na nyuma ya kompyuta ya mezani hewa inatoka ya moto. Akiuliza, ataambiwa anunue kipozeo cha maji. Namsihi asubiri, kwa sababu tiba ya bei kubwa si lazima iwe ya kwanza.

Prosesa hujilinda yenyewe: ikifikia kikomo chake cha joto, hupunguza kasi. Kikomo hicho ni nyuzi 100 kwa Core i9-13900K, 95 kwa Ryzen 7 7700X na 89 kwa Ryzen 7 7800X3D. Kwa hiyo ukiona nyuzi 80 katikati ya gemu nzito, usishtuke. Weka programu ya HWiNFO, ambayo ni ya bure, cheza nusu saa, kisha soma kiwango cha juu kilichofikiwa.

Kumbuka pia kwamba joto la chumba huingia kwenye hesabu. Kipozeo kilichopimwa ughaibuni katika chumba cha nyuzi 21 kikaishia nyuzi 78, kwako kwenye chumba cha nyuzi 31 kitakaribia 88. Hakuna feni wala maji ya mzunguko yatakayoshusha prosesa chini ya joto la chumba chenyewe.

Bila kulipa chochote. Kama kioo chako ni cha hezi 60, zuia gemu isizidi fremu 60 kwa sekunde. Fremu zinazozidi hapo huongeza joto na huna faida nazo kubwa. Mwenye 7700X awashe Eco Mode, yaani hali ya kubana umeme, ya wati 65: kasi ya gemu hupungua kidogo, joto hupungua sana. Kwenye laptopu ya Windows, shusha kikomo cha kasi ya prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99 katika mipangilio ya umeme. Prosesa nyingi zitaacha kupandisha kasi ya ziada. Hapa utapoteza fremu kadhaa, lakini picha itatulia.

Kusafisha na pesti mpya, chini ya dola 10. Vumbi likiziba matundu, hata kipozeo kizuri hakifui dafu. Unapopuliza, shika feni isizunguke. Pesti iliyo kati ya prosesa na kipozeo hukauka baada ya miaka kadhaa, na kichupa cha gramu 4 kinatosha mara nyingi. Kwa kompyuta ya mtumba, anzia hapa.

Kipozeo kikubwa cha hewa, dola 35 hadi 40. Thermalright Peerless Assassin 120 kina feni 2 na kinashindana na vipozeo vya bei maradufu. Bei hiyo ni ya maduka ya nje, hivyo ongeza usafirishaji. Pima kwanza upana wa kasha lako, maana kina urefu wa zaidi ya sentimita 15.

Kipozeo cha maji, dola 80 hadi 150 na zaidi. Kinamfaa mwenye prosesa inayokula umeme mwingi, kama 13900K yenye kikomo cha wati 253. Lakini kina pampu, nayo ikifa mchezo umeisha hadi ununue kingine.

Kuwasha AC. Ya BTU 12,000 inavuta takriban kilowati 1 ikifanya kazi mfululizo. Saa 4 kila siku ni uniti 120 kwa mwezi. Kwa takriban shilingi 356 kwa uniti, Luku itameza karibu shilingi 43,000. Miezi 2 tu inalingana na bei ya kile kipozeo cha hewa, ambacho unakilipia mara moja. Washa AC kwa ajili ya mwili wako, usiihesabu kuwa dawa ya prosesa.

Wa laptopu ana njia chache zaidi. Aiondoe kitandani, ainue upande wa nyuma ipumue, aisafishe, abadili pesti. Stendi yenye feni humpunguzia nyuzi chache tu, kwa hiyo asiinunue kabla ya hayo.

Na kama bado hujanunua prosesa, hapo ndipo penye akiba kubwa. Kwenye gemu, 7800X3D inakwenda bega kwa bega na 13900K huku ikitumia umeme mdogo zaidi, na kipozeo cha hewa kinaimudu. Mwenye bajeti ndogo, Ryzen 5 5600 ya wati 65 huja na kipozeo chake kwenye boksi.

Hukumu yangu ni hii: pima, rekebisha mipangilio, safisha, weka pesti. Ikiwa bado inagonga kikomo, nunua kipozeo cha hewa. Cha maji kiwe cha mwisho.